Mlango

Mtunza kitabu alishuka na ndege ya alfajiri,
mzee Lakhubhai, kilemba kimelegea,
kitabu amekipakata, kitambaa chekundu kama bi harusi.
Kirefu kuliko mkono wangu.
Tukakifungulia juu ya benchi la baba la kurandia,
maana Ngara nzima hatukuwa na meza iliyokitosha.

Wanaume wakakaa. Akasoma.
Fulani mwana wa fulani mwana wa fulani,
akirudi nyuma kama mtu ashukaye ngazi gizani
kwa kupapasa, mpaka kwa yule Khirsaria wa kwanza
aliyechonga, wanasema, mlango wa hekalu bila msumari
na mfalme, kwa kukosa fedha, akamlipa jina.

Kaka yangu aliyeishi siku tatu yumo.
Hakuwahi kuitwa kitu. Ameandikwa: mwana.

Nilisimama kizingitini na birika
nikingoja mstari unaofuata.
Ukapita.

Mimi Jashumati, miaka ishirini na sita,
ninayezijua mbao za baba kwa harufu, mvule, mkangazi, msaji,
niliyedai madeni yake duka kwa duka Barabara ya Kirinyaga
hadi wenye maduka wakinionea mbali wanafunga!

Shangazi akaninong'oneza, bila ubaya,
kama anayenitoa uzi begani:
binti huandikwa aendako.
Nikauliza, kama nani?
Akasema, kama mke wa.
Mwenyewe hayumo, nilijua, naye alijua nimejua.

Desemba naolewa na mtu wa ukoo mwingine,
sharti awe wa ukoo mwingine, wetu wote ni kaka zangu.
Kwa hiyo ile ngano ya samli na sukari guru
apikiwayo Mama mlinzi wa ukoo, ambayo mgeni haonji,
usiku ule nilikuwa naila kwa mara ya mwisho.
Mama aliniongeza kijiko. Kisha akaongeza tena.
Hakuniangalia.

Kithome, aliyeshika randa kwetu kabla sijaota meno,
alikuwa pembeni akinoa patasi.
Akasema: kwa Kiswahili ukoo tunauita pia mlango.
Sasa huu wenu, wasichana wanautokea tu?
Wanaume wakacheka.
Baba hakucheka. Alivua miwani akapuliza vumbi,
akaivaa, akaivua tena, akapuliza palepale.

Yakabaki makazi. Mzee akachovya kalamu:
mnakaa wapi? Wakamwambia. Akaandika.
Nilichungulia begani kwake nikimmiminia chai.
Ameandika *nagara*.

Hiyo ni ngoma, nikasema. Ngoma kubwa ya hekaluni.
Umewaandika watu tisa wanaishi ndani ya ngoma.

Kimya. Birika nikaliweka juu ya takataka za randa.
Nikachomoa penseli sikioni mwa baba
na juu ya ubao uliokuwa karibu nikaichora ile herufi,
ile ambayo shuleni mwalimu alituamuru tuikariri tuipite,
kwa kuwa hakuna neno, alisema, linaloanza nayo.
Lipo. Ni hapa. Basi la Pangani linasimama hapo nje.

Mzee Lakhubhai akautazama ubao kitambo.
Akakata ngoma yake kwa mstari mmoja,
akanakili mwandiko wangu polepole,
ulimi nje kidogo, kama mtoto,
akapuliza wino ukauke.

Chai yake ikapoa. Sikumchemshia nyingine.

Ule ubao Kithome aliutumia wiki iliyofuata
kwa mlango wa choo cha shule, kule Pangani.
Alikataa kuuranda upande mmoja.
Alinionyesha kabla hawajaupakia mkokotenini:
upande wa ndani, usawa wa macho ya mtu aliyeketi.
Nikamwambia ameharibu kazi ya watu.
Akaniambia, shika huku, tupakie.